Chui Tisa na Pipa la Sumu

Majuzi alikuja kijana wa serikali, suruali imepigwa pasi hadi ina makali, akasimama kwenye baraza letu hapa Madale akatusomea sheria ya chui. Kuanzia sasa, alisema, asiue mtu chui bila kibali, asiuze mtu ngozi ya chui bila kibali, na atakayekutwa nayo atafungwa. Akasema sie watu wa vilimani hatujui faida ya wanyama, tumewamaliza kwa ujinga wetu.

Kicheko kikanitoka. Sikukikusudia.

"Mzee, unacheka nini?" akaniuliza.

"Nacheka kwa kuwa umechelewa, bwana mdogo. Chui wa mwisho wa vilima hivi nilimuua mie. Na aliyeinunua ngozi yake alikuwa na kibali cha serikali, kimetundikwa ukutani."

Watu wakanivuta shati nikae. Nikakaa. Lakini tangu siku ile neno hili limenikwama kooni, halishuki wala halitoki. Ndiyo maana naandika. Nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri kule kwetu kusini, na vidole vyangu havishiki kalamu sawasawa, sababu yake mtaiona mbele. Majina ya waliokosa sitayataja, kwa kuwa wana watoto. Kazi zao nitazitaja, na watu wa huku wakisoma watawajua.

Nilikuja pwani kijana kufanya kazi ya mkonge. Mkataba ulipokwisha nilirudi kwetu nikaoa kanisani, nikaja na mke wangu huku Madale kuomba ardhi. Jumbe alitupa kipande cha mwisho kabisa, mguuni mwa kilima, pale mashamba yanapokoma na pori linaanza. Hakuna aliyekuwa anakitaka, kwa sababu ya chui. Nyumba zote za huku zilikuwa za Waislamu, wazaliwa wa hapa hapa. Wakristo tulikuwa sie wawili tu.

Hatukubaguliwa, nisiseme uongo. Jirani yetu wa karibu alikuwa mwanamke mjane, ametuzidi miaka michache, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Alimfanya mke wangu mdogo wake, kwa hiyo mie nikawa shemeji. Siku ya kwanza tu aliniuliza, "Shemeji, ni kweli nyie watu wa kusini mnakula nguruwe?"

"Tukimpata, dada, tunamla."

"Astaghafiru! Basi tupatane mapema. Chungu chako na changu visijuane. Na siku ukipika hilo dude lako, weka alama njiani, nisije nikaingia nikavuta moshi wake."

Tukapatana. Siku nikipika nguruwe nilichomeka tawi bichi la mkorosho katikati ya njia inayoingia kwetu. Akiliona anageuza. Kesho yake anakuja ananiuliza kwa mbali, "Umeshanawa mikono, mla haramu?" na mke wangu anacheka hadi anakaa chini. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Lile tawi lilikuwa heshima yetu, na baadaye likawa moja ya vitu vilivyotumaliza.

Sasa nianze na mkosaji wa kwanza. Alikuwa mnunuzi wa ngozi, duka lake liko nyuma ya soko la Kariakoo. Mie nilikwenda kumuuzia ngozi ya paa. Akaipindua, akaitupa kando, akaniambia, "Huko kwenu si kuna chui? Hizi za paa wananiletea hata wanawake. Niletee chui. Lakini sitaki tundu. Usipige mshale, usipige mkuki ubavuni. Mabibi wa Ulaya hawavai koti lenye tundu."

Akaniazima mitego miwili ya chuma, yenye meno, mizito kama jiwe la kusagia. Akanifundisha mwenyewe pale dukani, anatega na kutegua kwa kijiti. Chui anakamatwa mguu, kisha unampiga gogo utosini, ngozi inabaki nzima.

Nilimuuliza, kwa sababu nilikuwa mtoto wa mwindaji na baba alinifundisha kuuliza, "Na tukiwamaliza?"

Alinicheka. "Chui ni paka, bwana. Umeshaona mji ulioishiwa paka?"

Sikuwa na haja ya kujibu. Nilikuwa na haja ya bati, jembe na kanga za mke wangu. Na watu walinishangilia. Yule jirani yangu alikuwa ameliwa mbuzi watatu na mbwa wake wa pekee, na nilipoburuta chui wa kwanza kupita mlangoni pake alitoka akapiga vigelegele, akamchapa yule mfu kwa mwiko. "Huyu kwa mbuzi wangu mweusi! Huyu kwa yule mwenye mimba!" Jumbe alinipa mkono mbele za watu. Alichukua makucha, alisema ya kutengenezea watoto hirizi.

Kwa miaka ile niliua chui tisa. Mie peke yangu. Na vilima vya jirani kulikuwa na wenzangu wenye mitego kutoka duka lile lile. Ngozi nilikuwa nikizitanua kwa vigingi nyuma ya nyumba, nazipaka chumvi na majivu, na harufu ile mke wangu hakuizoea hata siku moja. Chui wa tisa alikuwa jike. Nilipomchuna nilikuta maziwa yake yamejaa. Watoto wake sikuwatafuta. Baada ya huyo nilitega miezi na miezi, nikawa nakamata nungunungu na mbwa wa watu, nikamrudishia mnunuzi mitego yake. Alisema atampa mtu wa Kisarawe.

Mie ninayejiita mwindaji nilitakiwa nijue nini kitafuata. Chui alikuwa akikaa juu kilimani anakula watoto wa nguruwe pori. Mwaka wa kwanza bila chui tuliona jike la nguruwe na watoto sita nyuma yake, wote wamekua, tukastaajabu tu. Mwaka wa tatu walikuwa wanashuka makundi makundi. Nguruwe pori hali muhogo kama mtu anavyokula. Anafukua tuta zima, anauma huku, anauma kule, anaacha. Kulipokucha ulikuta shamba kama limelimwa na kichaa. Tulijenga madungu ya kulindia shamba tukapiga madebe hadi masikio yakaziba. Wakazoea madebe. Wengine, nawaapia, walikuwa wanakuja wakisikia debe, kwa kuwa wamejua ndipo penye muhogo.

Mie nilipata nafuu kidogo kwa kuwa niliweza kuwala. Wenzangu walikuwa wanaliwa mashamba na mnyama wasiyeweza hata kumgusa. Jirani yangu aliniambia siku moja, tumesimama kwenye tuta lake lililofukuliwa, "Shemeji, hebu ongeza kula. Kula asubuhi, kula mchana. Unatuangusha."

"Tumbo langu ni moja, dada."

"Basi walete ndugu zako wote wa kusini. Mie nitawapikia ugali. Kitoweo wajitwalie wenyewe."

Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye udongo. Mwaka ule ndio vita vya Wazungu vilikuwa vimeanza, na mchele dukani ulikuwa haba. Muhogo ndio uliokuwa uhai wetu.

Na mke wangu alikuwa na mimba. Kabla ya hapo tulishazika wawili, mmoja wa siku tatu, mmoja wa mwezi. Huyu wa tatu alimchukua kwa shida sana. Alivimba miguu, akawa mweupe viganja na ndani ya kope, na akipanda kutoka kijitoni na ndoo anapumzika mara nne. Mie sikuwa na jambo jingine akilini mwaka ule ila hilo: ajifungue na abaki hai. Mtoto nilimwombea pia, lakini niseme kweli, nilimwomba Mungu mke wangu kwanza.

Wazee walimwendea jumbe, jumbe akamwendea Bwana Nyama. Ndivyo tulivyomwita yule Mzungu wa wanyamapori, na hilo si jina lake, ni jina la kazi yake. Waliomba bunduki. Bwana Nyama alijibu risasi ni za vita. Akaja na gari, na ndani ya gari mna pipa. Lilikuwa pipa la sumu ya nzige, iliyobaki tangu miaka ya nzige, limekaa kwenye ghala huko mjini likiota kutu. Alivaa glavu za ngozi akatuonyesha namna ya kuchanganya ile sumu na pumba za mahindi na maji kidogo, kisha kutandaza kwenye njia za nguruwe. Karani wake alimpa jumbe karatasi ya Kiswahili yenye masharti, awasomee watu wote barazani. Halafu gari likageuza. Hakulala hata siku moja kuona pumba zile zinaliwa na nani. Huyo ndiye mkosaji wa pili.

Siku jumbe aliposoma karatasi sikuwapo. Mke wangu alishikwa na uchungu asubuhi ile ile, nikawa nahangaika na mkunga. Jirani yangu alikwenda barazani, akarudi na habari.

"Wamesema nini, dada?"

"Wamesema kuku wafungiwe. Mbuzi wafungwe kamba. Watoto wasiguse pumba, wala asichote mtu maji chini ya kijito, achote juu. Na mizoga izikwe."

"Basi?"

"Basi. Na mizoga uzike wewe, jumbe kasema. Ati wewe ndiye unayeizoea."

Akacheka, akaingia kumsaidia mkunga.

Mke wangu alijifungua mtoto wa kike jua likiwa utosini. Damu ilimtoka nyingi mno. Mkunga alikuwa anabadilisha vitambaa hanitazami usoni. Ilikata jioni. Kesho yake nilikwenda barabara ya Bagamoyo kumfuata dresa wa zahanati, akaja na baiskeli yake, akamfunua kope, akamshika kiganja. Akaniita nje.

"Huyu hana damu," aliniambia. "Nitampa vidonge, lakini vidonge peke yake havitoshi. Mlishe. Mayai, mchicha, na hasa maini. Apate maini, bwana. Wiki mbili hizi akila vizuri atapona. Asipokula, mie sisemi."

Dresa yule simlaumu. Alisema alichokijua. Lakini maini nipate wapi? Kuku wangu wanne, pamoja na kuwafungia, walitoboa tenga wakatoka, nikawakuta wamelala chali karibu na njia ya nguruwe. Kanga wa porini ambao nilikuwa nikiwatega walikuwa wamekufa pale pale, kumi na zaidi, manyoya yanapeperuka. Ng'ombe wanachinjwa mjini, na mjini ni mwendo wa siku, na mke wangu sikuweza kumwacha.

Nguruwe nao walikuwa wanakufa. Siku nne za kwanza nilizika kumi na mmoja. Hakuna aliyenisaidia hata kushika mguu. Walikuwa wanasimama mbali wananionyesha kwa fimbo, "Kuna mwingine kule!" Wengi walikuwa wameshaoza, wamezungukwa na nguchiro na kunguru waliokufa, na siku moja nikamkuta tai ameanguka juu ya mzoga na mabawa yake wazi, kama mtu aliyejilaza kifudifudi kitandani. Nilizika vyote pamoja.

Asubuhi ya tano nilimkuta nguruwe mchanga kando ya kijito, mnene, bado ana joto. Hakuwa na inzi. Nikakaa naye pale chini muda mrefu.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa kuwa ndipo nilipokosa. Nilijua kuna sumu. Sikuwa mjinga wa hilo. Lakini mie nimelelewa kwa nyama ya sumu. Baba yangu aliwinda kwa mshale, na mshale wa kwetu unapakwa sumu ya mti, inaua nyati. Mnyama akianguka baba alikuwa anakata nyama yote iliyozunguka jeraha, kipande kama kiganja, anakitupa mbali mbwa wasikione. Nyama iliyobaki tunachemsha tunakula, watoto na wakubwa, na hakuna aliyewahi kuumwa hata kichwa. Kwa hiyo nilijua kanuni: sumu hukaa pale ilipoingilia. Ya mshale iliingilia ubavuni. Hii imeingilia tumboni. Basi tumbo likitupwa, mnyama ni safi.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri kwa uangalifu. Nilimpasua nikatoa tumbo na utumbo wote bila kutoboa, nikauzika kina cha mkono mzima. Nyama niliiosha mara tatu kwa maji ya juu ya kijito. Maini yalikuwa makubwa, mekundu, yanang'aa. Sijapata kuona maini mazuri kama yale.

Nikachomeka tawi la mkorosho njiani.

Mke wangu alisikia harufu akiwa kitandani. Akauliza, "Umepata nyama?"

"Nimepata maini."

"Ya nini?"

"Ya nguruwe."

Akanigeukia. "Si katika hawa wa sumu?"

"Sumu iko tumboni. Tumbo nimelizika. Na maji ya kwanza ya kuchemshia nimeyamwaga."

"Una hakika?"

"Mie mwana wa mwindaji, mama. Nimekula nyama ya mshale tangu sijaota meno."

Hakuwa mtu wa kubishana nami juu ya nyama. Nilimkatia vipande vidogo, nikamlisha kwa mkono, kwa kuwa alikuwa amechoka kuinua wake. Alikula yote. Maini hayakuwa ya kugawana, yalikuwa ya mzazi. Mie nilikula nyama ya paja kidogo, kuonja tu kama chumvi imekolea. Alipomaliza akalamba kidole changu akasema, "Kumbe bado unajua kupika." Alikuwa hajataka chakula tangu ajifungue. Nilitoka nje nikafurahi.

Nikiwa nje niliona jirani yangu anakuja, ameshika bakuli la uji wa mzazi limefunikwa kawa. Akafika penye tawi. Akasimama. Akanipungia mkono, akageuza na uji wake. Sikumwita.

Haikupita saa mbili mke wangu akaanza kutapika. Nilidhani ni mafuta ya nguruwe kwa tumbo lililokaa tupu. Kisha akaanza kuharisha maji matupu, na kiu, kiu ambayo sijaiona kwa mtu. Anakunywa kata nzima, inarudi. Anasema koo linaungua. Miguu ikamkakamaa, vidole vimejikunja. Mie mwenyewe nikaanza kukatwa na tumbo, nikatapika mlangoni, na hapo ndipo nilipojua. Nililiendea lile tawi nikaling'oa, nikaenda mlangoni kwa jirani natambaa.

Alikuja mbio. Hakuuliza kulikuwa na chungu gani jikoni. Alimchukua mtoto akamfunga mgongoni, akapiga kelele wakaja wanaume, wakamlaza mke wangu kitandani wakakibeba kitanda mabegani kwenda barabara ya Bagamoyo, tupate lori la kwenda hospitali mjini. Mie nilifuata nyuma naanguka nainuka. Njiani mke wangu aliniita mara moja. Nilipofika karibu alikuwa anatazama pembeni, akasema, "Mtoto asinyonye kwangu." Akili yake ilikuwa bado nzima. Tulifika barabarani saa tisa, tukakaa kwenye kivuli cha kibanda cha makuti. Lori la kwanza lilipita bila kusimama. La pili liliposimama, dereva alishuka akamtazama, akavua kofia.

Tulimrudisha kwa kitanda kile kile.

Mie sikufa. Niliumwa wiki nyingi, nywele zilipukutika, viganja vikaota ngozi ngumu kama magamba. Hadi leo vidole vya mikono vina ganzi, na vya miguu havijui kama nakanyaga mchanga au moto. Mtoto alikaa kwa jirani, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi na kitambaa cha kunyonya, na alinenepa.

Habari ilifika hospitali, ikafika kwa Bwana Nyama, naye akamtuma karani kuja kuuliza. Jirani yangu alikuwa wa kwanza kuniambia. "Shemeji, karani anakuja Alhamisi. Mie nitasema. Nilikuwa barazani tangu mwanzo hadi mwisho, na jumbe hakusoma popote kuwa watu wasile nyama."

"Na wengine waliokuwapo?"

"Wengine wana ardhi ya jumbe."

"Na wewe?"

"Mie pia ninayo," akasema. "Lakini mdogo wangu ni mdogo wangu."

Jumatano, siku moja kabla, jumbe aliniita kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniwekea kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akatoa ile karatasi ya masharti akanipa niisome mwenyewe. Niliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Sharti la nne: "Mtu asile nyama ya mnyama yeyote aliyekufa, hata kidogo."

"Hili hukulisoma," nilimwambia.

"Sikulisoma." Hakukana. "Mbele yangu walikaa wazee wa msikiti, na imamu. Nisimame niwaambie nini? Jamani msile nguruwe? Ningekuwa nimewatukana. Hakuna anayekula nguruwe hapa."

"Na mie? Si ndiye uliyenituma kuwazika kwa kuwa ninawala?"

Akasugua kishikizo cha kanzu yake. Kisha akasema polepole, na sauti haikuwa ya ugomvi hata kidogo, "Sikiliza, mwanangu. Kesho ukisema hukuonywa, karani ataniandika mie, nami nitavuliwa ujumbe, sawa. Halafu atakuuliza wewe. Ulijua kuna sumu? Utasema ndiyo, kwa kuwa nguruwe kumi na mmoja umewazika kwa mkono wako. Aliyempikia mkeo nani? Aliyemlisha nani? Hapo itakuwa si habari ya jumbe tena. Itakuwa habari ya mtu aliyemlisha mkewe sumu akijua. Unajua hiyo inakwenda mahakama gani?"

Akaichukua ile karatasi, akaikunja.

"Ukisema ulionywa," akaendelea, "itaandikwa bahati mbaya. Utabaki na shamba lako, utabaki na binti yako."

Huyo ndiye mkosaji wa tatu. Na mnamwona, hakunitisha kwa uongo. Kila neno alilosema lilikuwa kweli.

Alhamisi karani alikuja, akaweka meza yake barazani. Jirani yangu alikuja amevaa kanga zake mpya, mtoto mgongoni, akakaa mbele kabisa. Aliitwa wa kwanza. Alisimama akasema yote, wazi, bila kumtazama jumbe: kuku, mbuzi, watoto, maji, mizoga, basi. Karani aliandika. Wanaume watano wakaitwa mmoja mmoja, kila mmoja akasema onyo la nyama lilisomwa. Waliweka dole gumba. Jirani yangu aliguna kila mmoja alipokaa, na wa mwisho alimwambia, "Na wewe, shehe? Na saumu yako?"

Kisha nikaitwa mie. Karani akauliza, "Ulipata habari kuwa nyama ya wanyama hao isiliwe?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa amelala, kichwa kimeanguka upande, kinywa wazi.

"Nilipata," nikasema.

"Kwa nani?"

"Nilipata habari barazani."

Hata kuwapo sikuwapo, na baraza zima lilijua. Karani aliniuliza kama naweka dole au natia sahihi. Mie peke yangu pale nilijua kuandika jina langu, basi nikaliandika, taratibu, vidole havisikii kalamu. Chini ya maneno ya jirani yangu karani alipiga mstari akaandika kitu kifupi. Nilikisoma kwa kuwa kilikuwa mbele yangu. Aliandika kuwa shahidi huyu mwanamke hasemi kweli.

Watu walipotawanyika jirani yangu alinisubiri njiani. Hakupiga kelele. Nilizoea kelele zake, ningezistahimili.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika nilionywa."

"Kwa hiyo mie mwongo."

"Dada, wangenifunga. Wangenitenga na mtoto."

Aliifungua kanga ya mgongoni, akamshusha mtoto, akamfunika vizuri miguu. Nikadhani anataka kumnyonyesha kile kitambaa chake. Akanitilia mikononi.

"Mshike basi mtoto wako," akasema. "Maziwa ya mbuzi uyachemshe, yapoe, ndipo umpe. Asubuhi anapenda kubebwa."

Akaenda zake kwa njia ya juu, ile ndefu, isiyopita kwangu.